Kila Anayeingia ni Msimamizi

Kwenye ukoo wa mke wangu hakuna mtu mdogo. Nimeoa kule zamani, nimekula kule, nimechimba makaburi ya kule, na mpaka leo sijamwona hata mmoja aliyekubali kukaa kiti cha nyuma. Wapakie kwenye gari moja, kila mmoja anamwelekeza dereva. Waite kwenye kikao, ajenda ya kwanza ni nani aongoze kikao, na mara nyingi ndiyo inakuwa ya mwisho. Sasa watu wa namna hii ukiwajengea tovuti, unategemea nini?

Aliyewajengea ni shemeji yangu, binti wa baba mdogo wa mke wangu. Jina la kuzaliwa analo, tena zuri, ila hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Kibodi. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, chumba chembamba kilichobanwa kati ya famasi na fundi saa, ambako mashine ya kopi ikianza kunguruma taa inafifia. Ukienda kuchapiwa barua ya kuomba kazi, Kibodi anakutazama usoni, anakuuliza habari za watoto, analicheka shati lako, na huku chini vidole vinadonoa vyenyewe kama kuku waliomwagiwa punje. Ukija kuisoma barua, haina kosa. Kosa ulikuja nalo wewe.

Anaishi na mama yake, na huyo mama ndiye chanzo cha yote haya, kwa hiyo tumuweke sawa kabla hatujafika mbali. Marehemu baba yake Kibodi alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alizaa mtoto mmoja wa kiume, ambaye siku hizi ni fundi makochi. Kibodi anamwita Kaka, na mimi nitamwita hivyohivyo. Mke mdogo akamzaa Kibodi. Baba akafariki, mke mkubwa akamfuata. Amebaki mke mdogo, mama mwenye miguu mibovu na akili kali kama wembe wa leo.

Ukoo haukuwahi kumpokea sawasawa huyu mama. Hawakumfukuza, wala hawakumtukana, hao ni watu wanaojiheshimu. Walikuwa wanamsahau tu. Wakitaja wajane wa ukoo, yeye hatajwi. Wakipanga viti msibani, cha kwake kinatafutwa mwishoni, tena kile chenye mguu unaocheza. Siku ya kumzika mumewe, kwenye wasifu uliosomwa mbele ya watu, yeye aliingia kwenye lile neno "na wengineo". Aliyeuchapa wasifu ule ni Kibodi. Aliletewa umeshaandikwa, akaambiwa chapa kama ulivyo, mwanangu, usiongeze kitu. Akachapa kama ulivyo. Mke wangu anasema tangu siku hiyo Kibodi alikuwa anasubiri tu mahali ambapo yeye ndiye atakayeandika.

Mahali hapo palikuja kwa njia ya aibu. Vijana wawili wa ukoo walikutana kwenye harusi ya watu, wakapeana namba, wakaanza kupendana kwa moto, mpaka kijana akaenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti na kukuta ukutani picha ya babu yake mwenyewe. Wazee walishika vichwa. Ikaamuliwa ukoo uwekwe kwenye mtandao, kila mtu na picha yake na wazazi wake, ili damu zijuane kabla macho hayajajuana. "Nani ataifanya hiyo kazi?" Kibodi akanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Akatafuta programu ya bure ya kuendeshea tovuti, akaanza kupanga kurasa. Ukurasa wa baba yake ndio ulikuwa wa kwanza. Alimuomba Kaka picha ya zamani, ya enzi za rangi mbili, akaipitisha kwenye mashine pale dukani na kuirudisha salama. Mimi nilikuwepo siku anaipanga kwenye kompyuta. Baba kakaa kwenye kiti, mke mdogo kasimama pembeni yake, msichana bado, macho yamemtoka kama aliyeitwa polisi. Chini yake Kibodi kaandika: Baba na Mama.

Nikasogeza uso. Begani kwa yule msichana kulikuwa na vidole vinne, mkono uliokatika kwenye kiganja, hauna mwenyewe.

"Shemeji," nikasema, "hivi vidole ni vya nani?"

"Shemeji, usianze."

"Naanza nini? Nauliza. Au mama yako alikuwa na mikono mitatu?"

"Ni vya Mama Mkubwa." Ndivyo alivyokuwa akimwita mke mkubwa. "Alisimama upande huu. Nimepunguza picha."

"Umempunguza Mama Mkubwa?"

"Mama Mkubwa ana ukurasa wake, ana picha yake peke yake kubwa kama mlango. Maisha yote mama yangu anakuwa wa pembeni. Hapa, ukurasa mmoja tu, awe yeye na mumewe. Kuna dhambi?"

Mimi ni mtu wa kuoa tu kule, dhambi zao sizipimi. Nikamwambia vidole vinaonekana kama ua la kushonea, akacheka, akanitupia karatasi iliyofinyangwa. Tukayaacha hapo.

Sasa tuje kwenye vyeo, maana ndivyo vilivyotuua. Programu ile ina vyeo kama jeshi. Mtu akijisajili, yenyewe inampa cheo papo hapo, bila kumuuliza mtu. Cha chini kabisa ni Msomaji: unaangalia, unaandika salamu chini ya ukurasa, basi. Katikati kuna waandishi na wahariri. Juu ya wote yupo Msimamizi, ambaye anaweka, anabadilisha, anafuta, na akiamka vibaya anaweza hata kumtimua msimamizi mwenzake. Kwenye mipangilio kuna mahali unachagua cheo gani apewe kila mgeni anayeingia. Kibodi, kwa akili zake timamu, alikuwa ameweka Msomaji.

Akajisajili mkwe wangu. Huyo ni baba wa mke wangu, kaka wa marehemu, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na nyuma ya mgongo wake tunamwita Mzee Miwani. Simu ikalia dukani.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hapa pembeni ya jina langu pameandikwa Msomaji. Ni mimi huyo?"

"Ni cheo tu, Baba Mkubwa. Kila anayejisajili anaanzia hapo."

"Na wewe umeandikwa nani?"

"Mimi... Msimamizi."

Mzee akalirudia neno lile: Msimamizi. Kisha, taratibu: "Yaani wewe, niliyekubeba mgongoni, ndiye unayenisimamia mimi."

"Hapana, Baba Mkubwa, hii ni—"

"Nimeuliza, au nimesema?"

Kibodi akampandisha cheo simu ikiwa bado sikioni. Kufika jioni shangazi mmoja kashasikia, naye anataka. Halafu mdogo wa shangazi. Halafu mtu ambaye hata kujisajili hajajisajili, ila anataka ahakikishiwe kwamba akijisajili hatadhalilishwa. Mteja anasubiri kopi, simu inaita. Mashine imeng'ata karatasi, simu inaita.

Ndipo Kibodi akaingia kwenye mipangilio, pale pa cheo cha mgeni, akateremsha mshale mpaka kwenye Msimamizi, akabonyeza Hifadhi. Kuanzia hapo kila anayeingia ni bosi.

"Shemeji," nikamwambia, "si unamgawia kila mtu ufunguo wa nyumba?"

"Ni ndugu zangu, sio wezi."

"Mimi nimeoa kwenu. Naomba niulize tena."

Hakucheka safari hii. Alisema, "Wewe hujui mtu anavyojisikia kuachwa mlangoni." Akanigeuzia kioo. Siku hiyohiyo alikuwa amemsajili mama yake. Pale palikuwa na jina la Mzee Miwani, na pembeni, Msimamizi. Chini yake, jina la mama yake, na pembeni, Msimamizi. Herufi zilezile, ukubwa uleule. Nikaelewa kuwa simu zilimsumbua kweli, ila hazikuwa sababu yote.

Mwanzoni tulicheka sana. Mzee Miwani aliondoa picha ya juu ya tovuti, ile ya nyumba ya babu, akaweka yake akiwa ameegemea gari la mtu. Shangazi akageuza rangi zote zikawa za waridi. Mtu fulani akaongeza ukurasa wa kuuza matofali. Kibodi kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anapita kusafisha kama mama aliyeamkia nyumba yenye watoto wengi.

Lakini ukurasa wa baba yake hakuna aliyeugusa, na chini yake salamu zikaanza kuingia. Shikamoo Mama. Mama yetu, tumekukumbuka. Mama, hatukuwa na picha yako, asante. Ziliandikwa na watu ambao msibani walimpita kama wanapita nguzo. Kila jioni Kibodi akirudi kazini anakaa kitandani kwa mama yake, anamshikisha simu na kumfundisha: hapa unasoma, hapa unajibu, hapa unabadilisha, hiki chekundu usikiguse. Mama anasoma mwenyewe kwa sauti, salamu moja moja. Mke wangu aliwakuta hivyo siku moja, akarudi nyumbani macho mekundu, akasema ni vumbi.

Halafu ukurasa ukafutika.

Kibodi aliufungua asubuhi dukani, akakuta pameandikwa kwamba ukurasa unaoutafuta haupo. Akatafuta kwenye kapu la vilivyofutwa, kapu tupu. Nakala ya picha ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani ya duka, ambayo ilishakufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Salamu hazikuwa na nakala popote. Na ile programu, kwa kuwa ni ya bure, ina akili za mlinzi fulani ninayemjua: anaweza kukuambia nani yuko ndani sasa hivi, ila nani alitoka na televisheni, hilo hakuliona. Aliyefuta anaweza kuwa yeyote. Wote walikuwa na ufunguo, na mwenye kuwapa alikuwa yeye.

Kesho yake nilimkuta ameinamisha kichwa kwenye meza, mteja anamwangalia bila kujua aondoke au asubiri.

"Nitamwambia nini mama?" akasema.

"Mwambie mtandao unasumbua."

"Ameshaniuliza jana. Nikamwambia hivyo. Akanitazama tu."

Baadaye, mteja alipoondoka na kopi zake, Kibodi akasema neno ambalo naona ndilo alilokuwa ameinamia nalo pale mezani: "Ni Kaka. Nilimkata mama yake, naye kamkata wangu."

Nikamwambia asiseme hilo mbele za watu mpaka awe na hakika. Mke wangu naye akamwambia. Lakini mtu mwenye kidonda humwambii asikikune. Mzee Miwani, aliyekuwa ananuna kwa sababu picha yake nayo ilishaondolewa, aliitisha kikao sebuleni kwake. Walikuja wengi, wakakaa kwenye makochi ambayo Kaka mwenyewe aliyashona. Kaka alikaa mwishoni, mtu mkimya, mabega mapana, kidole kinapita kwenye mshono wa mkono wa kochi kama anapima kama bado umekaza.

Mzee Miwani akaanza kwa historia ya ukoo, akapita kwenye adabu ya vijana, akafika kwenye picha yake. Shangazi akasema rangi za waridi zilikuwa zinapendeza. Kibodi akasimama katikati ya sentensi ya mtu.

"Mimi sikuja kwa ajili ya rangi. Ukurasa wa baba na mama yangu umefutwa, na aliyeufuta ni wewe, Kaka."

Nje watoto walisikika wakigombania mpira.

Kaka akamtazama. Nilidhani atasema kitu, mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akaangalia ule mshono, akausugua mara ya mwisho, akachukua kofia yake, akasema "Kwaherini" kwa watu wote, akatoka.

"Mnaona!" akasema shangazi. "Mwenye kosa hujulikana kwa mgongo."

Jioni ile Kaka aliingia kwenye tovuti akafuta jina moja tu, la kwake mwenyewe. Na kwenye ukoo likatembea neno: kaka kamfuta mama wa dada yake. Mimi niliwahi kuona mkwe wangu akimtetea mtu, lakini haikuwa siku hiyo.

Kesho yake alasiri nilikwenda na mke wangu kumtazama mama. Tulimkuta amekaa kitandani, miguu imefunikwa kanga, Kibodi yuko sakafuni anakunja nguo. Kibodi akaanza kumsimulia mama yake kilichotokea kikaoni, kwa ile sauti ya mtu anayetaka aambiwe amefanya vizuri.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, umemwambia mtoto wa watu hivyo? Mbele ya watu?"

"Nani mwingine, Mama? Nani mwingine mwenye sababu?"

"Mimi."

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

"Nimeufuta mimi," mama akasema. "Si ulinifundisha? Hiki chekundu usikiguse. Nikakigusa. Kikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Kikaniuliza tena, hutaweza kuurudisha, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Na nikwambie kitu, tangu nimeingia kwenye ukoo huu, hicho ndicho cha kwanza kuniuliza kama nina uhakika."

Kibodi akabaki ameshika shati mikono yote miwili. "Mama. Zile salamu. Walikuwa wanakusalimia."

"Nilizisoma zote. Nilizisoma siku nyingi." Akakohoa, mke wangu akampa maji. "Lakini kila nikisoma, juu yake pale naona ule mkono. Unajua ule mkono ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa begani tu."

"Ulikuwa umenishika nisitoke. Mpiga picha aliitwa kumpiga baba yako na mke wake. Mke wake, mmoja. Wazee walikuwa wamesimama pale, hakuna aliyenitazama, mimi nina tumbo lako, nikaanza kujiondoa polepole. Mwenzangu akanivuta. Akasema, wewe, simama hapa. Nikataka kukimbia, akanikamata bega, akabana mpaka picha ikapigwa. Bega liliniuma siku mbili. Ndiyo picha hiyo. Bila ule mkono mimi simo." Akaivuta kanga miguuni. "Halafu wewe ukamkata yeye, ukaniacha mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mwanangu. Ningeanzia wapi? Nikasema nikiutoa kimyakimya utadhani mashine imekosea, mashine si zinakosea kila siku? Sikujua utamtafuta mtu."

Kibodi hakulia. Alimalizia kukunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Shemeji, nisindikize kwa Kaka."

Kwenda kuomba radhi huendi peke yako, unakwenda na mtu wa kusemea mwanzo, na mimi kwa kazi hiyo ninajulikana. Karakana ya Kaka iko nyuma ya mabohari, paa la bati, mifupa ya makochi imepangwa kama mbuzi waliochunwa. Tulimkuta amepiga magoti anakaza kitambaa, mdomo umejaa misumari midogo ya kichwa bapa. Ndivyo mafundi wale wanavyofanya: anasukuma mmoja kwa ulimi, anaupokea kwa kidole, anaupiga. Kwa hiyo mtu akija kuongea naye, anaongea na nyundo.

Nikasema maneno yangu ya mwanzo, ya mto kutokwenda kinyume na undugu kutofutika. Nyundo ikaendelea. Kibodi akanisogeza.

"Kaka, si wewe. Ni Mama mwenyewe aliyeufuta. Nimekusingizia mbele ya watu. Na nilimkata mama yako kwenye picha, na nilijua ninachofanya."

Nyundo ikasimama. Kaka akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja. Ilichukua muda wake.

"Nilikuwa naufungua ule ukurasa kila nikifunga karakana," akasema. "Na ile alama nyekundu nilikuwa naiona. Sio kwamba sikuiona."

"Mbona hukufuta? Ungekuwa na haki."

"Hukumkata wote. Ulibakiza mkono." Akakitazama kiganja chake. "Mama yangu kwenye ile picha yake kubwa amekaa kama sanamu, walimvalisha. Ule mkono ndio yeye. Ningefuta ukurasa, ningefuta na mkono."

Kibodi akaokota msumari ulioanguka, akamrudishia. Mimi, mwenye kazi ya kusema, nikaona nikae kimya mara moja katika maisha yangu.

"Kaka, pale kikaoni," akasema hatimaye, "si ungesema tu si mimi?"

"Ungeniuliza ningekujibu. Hukuniuliza, Kibodi. Uliniambia."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

"Nitawaambia wote. Nitaitisha—"

"Usiitishe kikao." Hapo ndipo alipokaribia kucheka, akajizuia. "Waambie utakavyowaambia, ila usiitishe kikao."

"Na picha, Kaka? Ile yenyewe, nzima. Niruhusu niiweke kama ilivyo."

Kaka akatazama mlango wa chumba cha ndani, halafu kochi. "Picha ipo. Haitoki tena hapa." Akarudisha misumari mdomoni. Na fundi akisharudisha misumari mdomoni, mgeni anaaga.

Kibodi aliwapigia simu mmoja mmoja, siku nzima, akiwaambia kwamba aliyefuta si Kaka na aliyekosa ni yeye. Ukoo haukupenda. Habari ya kaka mbaya ilikuwa imeshanoga, na mtu ukimpokonya mfupa mdomoni hakushukuru. Kisha akaingia kwenye mipangilio, pale pa cheo cha mgeni, akarudisha Msomaji. Akapita kwenye majina yote, akavua vyeo. Mzee Miwani akapiga simu, Kibodi akampa shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa, Msomaji," na cheo hakikupanda. Mkwe wangu mpaka leo akiniona ananisalimia kwa pua, eti mimi ndiye mshauri.

"Na mimi nivue," mama akamwambia.

"Wewe unabaki, Mama."

"Nivue. Mimi nikiwa na ufunguo unaona kinachotokea."

Wakabaki wasimamizi wawili, Kibodi na Kaka, ambaye Kibodi alimsajili upya bila kumuuliza. Mimi ndiye niliyempelekea neno la siri karakana. Alilipokea, akalisoma, akalitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na chaki. Kibodi akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake jina la baba, na chini yake majina ya wake wote wawili, kamili, kwa herufi sawa. Pa picha akapaacha wazi. Alitaka kuweka angalau picha nyingine ya mama yake, ana zake kwenye simu tele. Mama akakataa.

"Niliingia kwa mkono wa mama wa kaka yako," akasema. "Mara ya pili siingii kwa mkono wako. Aweke yeye. Asipoweka, basi."

"Mama, na kama hataweka?"

"Basi, nimesema."

Wiki zikapita, pale pa picha pakabaki peupe. Watu wanaingia, wanaona weupe, wanatoka. Hakuna salamu. Nilikutana na Kaka njiani, tukaongea habari za sponji kupanda bei. Kifua cha mama kikaanza kumsumbua, kikohozi kikawa cha kukaa naye usiku na mchana, na Kibodi akawa anawahi kufunga duka. Hakusema anaogopa nini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Juzi jioni nilipita na dawa walizoniagiza famasi. Mama ameegemezwa kwenye mito mitatu, Kibodi kakaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, amefungua ule ukurasa mweupe kama anavyofanya kila siku. Nikiwa bado nimesimama na mfuko wangu, akainuka.

"Mama. Kaka ameingia."

Nikachungulia. Pembeni ya jina la Kaka palikuwa na kitone cha kijani, ile alama ya kuonyesha mtu yuko ndani.

"Anafanya nini?" mama akauliza.

"Hafanyi kitu. Yuko kwenye ukurasa wa Baba."

"Mwandikie," nikasema. "Mwambie karibu."

"Usimwandikie," mama akasema. "Muache."

Tukakaa. Kikohozi kikaja, kikapita. Chai aliyonimiminia Kibodi ikaota utando juu. Sijui ulikuwa muda gani, mimi sikuangalia saa, nilikuwa naangalia kile kitone kama mtu anayesubiri jiwe liseme. Pale pa picha bado peupe.

Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. Mkono wake wa kulia ulikuwa begani kwake, upande wa kushoto, umebana kanga.

"Bado yumo?" akauliza.

"Bado yumo, Mama."